Sitakuwa Kipepeo wa Nne

Ninaanza kwa jina la Mola, Msikivu asiyehitaji kipaza sauti, ajuaye kilichosemwa na kilichomezwa. Ninamwomba auzuie mkono wangu nisitie chumvi mahali pa haki, na akifungue kifua changu nisiifiche aibu yangu mwenyewe.

Msomaji uliyetukuta njiani, ngoja niwapange watu wangu, kila mmoja mahali pake.

Wa kwanza ni mimi: mjane wa miaka arobaini na mitatu, fundi wa redio na feni, mwenye kibanda cha bati ubavuni mwa duka la magodoro. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa Kurani na mtu wa tungo. Alinifundisha kuhesabu mizani za beti kwa vidole kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana nilipojitia katika kazi ya udijei, nikajiita Mizani.

Wa pili ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye nyumba moja. Ana moyo wa dhahabu na mdomo usio na mlango.

Wa tatu ni promota anayeitwa Bwana Mabango, kwa sababu hakuna ukuta mjini ambao hajaubandika bango. Wa nne ni DJ Kipepeo, anayepiga kila Jumamosi mchana katika ukumbi mkubwa, amevaa kofia pana na miwani myeusi iliyofunika nusu ya uso. Na wa tano ni Mama Ukumbi, mwenye ukumbi wenyewe, bibi wa miaka sabini anayetembea na funguo zote kiunoni.

Mmeshasikia yaliyonipata. Kwa miezi kumi na minne nilibisha milango ya kumbi. Nilipiga bure kwenye siku za kuzaliwa za watoto hadi spika yangu ikatoa moshi mbele ya keki. Kisha Bwana Mabango akataka rekodi ya saa nzima, "nisikie mkono wako." Nikampa. Kwa uchu wa kumpendeza, sikutia hata neno moja la sauti yangu ndani yake kusema ni ya nani. Wewe unayeanza kazi hii, usinifuate hapo.

Akaniambia ningoje. Baada ya mwezi akasema: leta watu thelathini waingie ukumbini, nami nitakupa nusu saa ya kufungua, saa nane mchana. Nikawaleta. Saa nane ikaja, ikapita, sikuitwa.

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimesimama katikati ya wageni wangu. Kipepeo alikuwa amepanda jukwaani, na wimbo wake wa tatu ulikuwa umenifanya nishike ukuta.

Leo nawaeleza kwa nini niliushika.

Dijei hufundishwa asiache ukimya hata wa kupepesa jicho. Wimbo ukikaribia mwisho, mwingine uwe umeshaingia. Lakini mimi nina kosa langu, na kosa hilo ni la baba. Yeye alinifundisha kwamba mshororo una vipande viwili, mizani nane kwa nane, na katikati yake msomaji huvuta pumzi. Mafunzo hayo yamenikaa mkononi. Ninapobadilisha wimbo huhesabu mapigo nane, hukata sauti yote kwa pigo moja, kisha huachia.

Vijana wa kazi hii walinicheka sana. "Mama, kwako umeme unakatika kila baada ya dakika nne?"

Sasa hapo ukumbini, mbele ya macho yangu, umeme wa Kipepeo ulikuwa umekatika mara mbili.

"Wifi," nilisema, "ule mkono ni wangu."

"Mikono yako yote miwili naiona, umeibandika ukutani."

"Nisikilize. Kinacholia pale ni rekodi yangu. Wimbo huu ukiisha utafuata ule wa tarumbeta, na kabla ya tarumbeta, sauti itakatika kwa pigo moja."

Wifi akatega sikio. Tukahesabu pamoja. Sauti ikakatika. Tarumbeta zikalia.

"Mwi..."

Nikamziba mdomo kabla neno halijakamilika.

"Usinizibe!" alisema kati ya vidole vyangu. "Niache nikamvue kofia!"

"Kaa na wageni. Hii ni kazi yangu."

Nikapasua watu, nikapanda ngazi tatu za jukwaa. Kipepeo alikuwa akicheza na vitufe kama mtu anayekuna mgongo wa paka. Nikaweka kidole juu ya kitufe kikubwa alichokuwa akikizungusha, nikakirudisha hadi mwisho kabisa.

Sauti haikushuka hata kidogo.

"Ndugu yangu," nikamwambia sikioni, "kitufe hiki hakijaunganishwa na kitu."

"Dada, nakusihi. Watu wanatazama."

"Watazame."

"Mimi mwenyewe nimepewa flashi pale mlangoni. Sikuuliza ni ya nani."

"Umeshajua."

Alinitazama kupitia ile miwani, na nilipotaka kumwona mwizi, nilimwona mtu aliyechoka. Jasho lilimtiririka shingoni. Kabla sijasema jingine, mkono ukanishika kiwiko. Bwana Mabango, meno yote nje kwa ajili ya umma.

"Mama, mama! Njoo ofisini tuzungumze kama watu wazima."

Ofisi yake ilikuwa nyuma ya jukwaa, chumba cha meza moja na viti viwili, kuta zimejaa mabango kuanzia sakafuni hadi dari. Mimi ni fundi; macho yangu hutafuta kisicholingana. Katika bango la zamani, Kipepeo alikuwa mrefu. Katika bango la katikati, alikuwa mnene. Katika hili jipya, alikuwa na mabega membamba.

"Keti, mama."

"Nimekaa miezi kumi na minne. Rekodi yangu inafanya nini jukwaani?"

"Inakutangaza."

"Kwa jina la nani?"

Akacheka, akajimiminia maji. "Tusemezane wazi. Mkono wako ni mzuri. Ile kukata sauti, mwanzo nilidhani flashi ni mbovu. Kumbe watu wanaipenda, wanapiga mayowe kabla wimbo haujarudi. Tatizo lako ni moja tu: wewe mwenyewe. Nani atakuja kumtazama mama wa kibanda cha redio na mtandio wake?"

"Wageni wangu thelathini wamekuja."

"Hao ni majirani. Ninazungumzia watu."

Akafungua droo, akatoa karatasi mbili zilizochapwa vizuri. Kila Jumamosi, ukumbi huu. Kila Jumapili, ukumbi wa pili. Miaka miwili. Mashine mpya. Gari la kunichukua na kunirudisha.

Sitaficha: moyo ulinipiga teke. Hilo ndilo nililokuwa nikiliomba katika sijda, mimi mwenye kusugua vumbi la feni za watu. Nikaishika kalamu. Nikaigusisha karatasi. Wino ukaacha doa.

Lakini baba hakuwa akiniruhusu kufunga kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho. Nikageuza. Kifungu cha kumi na moja kilisema hivi: mpigaji atajulikana kwa jina la Kipepeo, na jina hilo, pamoja na rekodi zake zote zilizopita na zijazo, ni mali ya mwandaaji.

"Kipepeo yuko jukwaani," nilisema.

"Yule ni wa tatu. Magoti yameanza kumsumbua."

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Anauza matairi."

"Na wa pili?"

"Alianza kutaka kujulikana." Akapunga mkono kama afukuzaye nzi. "Mama, kofia ni pana. Mtandio utaingia chini yake bila shida. Miwani itafunika kilichobaki. Nani atauliza ni mwanamume au mwanamke? Wewe utapiga, mimi nitatangaza, Kipepeo ataruka."

"Na Mizani?"

"Mizani hana bango."

Nikaiweka kalamu mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Bwana Mabango, jina hili nilijipa kwa sababu ya mtu aliyeshika vidole vyangu akavihesabu kimoja kimoja. Sikujipa ili nilivue mlangoni kwako kama kiatu."

"Basi utakufa na kibanda chako. Nikitoka hapa napiga simu nne, na kumbi nne zinakufunga milango."

"Piga tano. Ya tano niipige mimi, niwaambie Kipepeo ni wangapi."

Akasimama. Mimi sikuwa nimekaa, kwa hiyo tukawa sawa.

"Mwanamke mjinga."

"Mjinga ameisoma karatasi yako hadi mwisho. Mwerevu aliyeiandika hakutegemea hilo."

Hapo tukasikia funguo. Mama Ukumbi alikuwa mlangoni, mkono mmoja kiunoni, na sura yake ilionyesha kwamba alikuwa amesimama hapo muda mrefu akisikiliza.

"Mabango," alisema, "ni wa tatu?"

"Mama, hii ni biashara, wewe..."

"Miaka sita! Miaka sita nampigia vigelegele mtu mmoja, kumbe nawapigia watatu! Na yule mnene nilimpelekea uji alipougua. Au aliyeugua ni mrefu?"

"Mama Ukumbi, tafadhali."

Bibi akampa mgongo. Akanigeukia. "Mwanangu, una mashine?"

"Ninayo begini, mama. Ndogo. Nilikuja nayo kwa tamaa ya ile nusu saa."

"Basi nenda ukapande."

Bwana Mabango akatoa karatasi nyingine. Mtu huyu alikuwa na karatasi kama mti ulivyo na majani. "Hapandi mtu. Mkataba wetu unasema kila Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, ukumbi ni wangu na jukwaa ni langu. Sahihi ni yako."

Bibi akaitazama sahihi yake kwa muda. Nilidhani mambo yamekwisha.

"Kweli," alisema. "Nilitia sahihi, na mimi si mtu wa kuruka neno langu. Ukumbi ni wako hadi saa kumi na mbili." Akachagua ufunguo mmoja kiunoni. "Lakini ua wangu sikukupangisha."

Ua ule ulikuwa nyuma ya ukumbi: tangi la maji, kamba mbili za nguo, rundo la viti vya plastiki, na spika mbili za zamani za matangazo zilizolala chini ya turubai. Niliyafungua matumbo yake. Moja ilikuwa nzima. Ya pili waya ulikuwa umekatika, nikauunga kwa meno, kazi ambayo sishauri mtu aifanye mbele ya wateja.

Wifi akawatoa wageni wangu kwa mlango wa pembeni. Walikuja wakinung'unika, na aliyetangulia alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mwenye fimbo na saa ya mkononi.

"Fundi," alisema, "ulituambia utapiga saa nane. Sasa ni saa kumi kasoro robo."

Hii ndiyo aibu niliyosema nisiifiche. Bwana Mabango alinipa ahadi ya mdomo tu, tena nusu nusu, nami nikazunguka mtaa mzima nikisema nina jukwaa. Niliwavisha watu nguo zao nzuri kwa jambo nisilolishika mkononi.

"Mwalimu, niliwadanganya. Sikuwa na hakika, nikasema nina hakika."

Akanitazama vizuri. "Haya. Piga, uongo wako uishe."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinifungua kifua kuliko dua ya mtu yeyote siku hiyo. Nikaunganisha mashine. Nilipoinama kutafuta mahali pa kuchomeka waya wa mwisho, mkono mwembamba ukanipokonya waya ule ukauchomeka. Nikainua uso. Kijana wa miaka thelathini hivi, macho mekundu, kipara kimeanza mbele. Sikumtambua hadi alipofungua mdomo.

"Dada, nishike nini tena?"

"Kofia umeipeleka wapi?"

"Nimeiacha juu ya mashine. Flashi bado inalia. Nadhani hawajagundua kwamba sipo."

"Shika hiyo spika isianguke."

Nikapiga. Wimbo wa kwanza watu walisimama tu. Wa pili, wifi akaingia katikati peke yake, akacheza kama aliyelipwa, hadi aibu ikawatoa wengine. Nikahesabu mapigo nane, nikakata, nikaachia, na yule mwalimu mstaafu akapiga fimbo chini kwa furaha. "Rudia hapo! Rudia hapo!"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilipiga mbele ya watu wazima waliokuwa wakinitazama mimi. Sikuwa na taa wala bango. Nilikuwa na tangi la maji mgongoni na jua usoni, na sikuhitaji kitu kingine.

Dakika ishirini zikapita hivyo. Kisha nikagundua kwamba ukumbini kumenyamaza.

"Nenda ukachungulie," nilimwambia wifi.

Alikwenda akitembea, akarudi mbio, mtandio begani.

"Wifi! Flashi yako imeisha ndani, watu wameona jukwaa tupu, wameanza kuzomea. Mabango amepanda na maiki. Amewaambia ilikuwa mbinu! Anasema Kipepeo halisi ametoka nje kupiga uani, leo anajifunua uso kwa mara ya kwanza. Amesema Kipepeo ni wewe!"

"Nao?"

Sikuhitaji jibu. Mlango mkubwa ulifunguka kwa kishindo, na watu wakamwagika uani kama maji ya bomba lililopasuka. Mia, mia mbili, mia tatu. Simu zimeinuliwa juu ya vichwa. Wanapiga makofi kwa mapigo yangu, wanacheza wimbo wangu, na midomo yote inatamka neno moja.

"Ki-pe-peo! Ki-pe-peo!"

Nyuma yao alikuja Bwana Mabango, maiki mkono mmoja, kofia pana mkono wa pili, ameinyanyua kama kombe.

"Huyu hapa!" alipaza sauti. "Mwanamke! Nani kati yenu alijua? Miaka sita, na nani alijua?"

Wakashangilia hadi kamba za nguo zikatikisika. Akafika kwenye meza yangu, akainama, akanong'ona huku akitabasamu kwa ajili ya simu za watu.

"Umeona? Hata karatasi sihitaji tena. Endelea tu kupiga, mama. Umeshakuwa."

Kijana aliyeshika spika alifumba macho. Wifi alinivuta mkono.

"Wifi, piga! Watu wote hawa! Ni siku yako hii!"

"Hawaniiti mimi."

"Watakuita kesho! Leo piga!"

Hata Mama Ukumbi, aliyenifungulia ua, alinijia karibu na kusema kwa upole wa mzazi. "Mwanangu, mia tatu hao. Nyamaza upige. Jina utalisahihisha polepole."

Nami ningewezaje kumlaumu? Alinitakia heri. Wote walionipenda walikuwa upande mmoja, na adui yangu alikuwa pamoja nao, na wimbo ulikuwa mtamu. Ilibaki mimi kuinua mkono tu na kukubali salamu. Nawaambia kweli, mkono ulianza kuinuka.

Bwana Mabango akaitua ile kofia juu ya mtandio wangu.

Bado ilikuwa na unyevu wa kichwa cha mtu mwingine. Ilinuka jasho lake, na chini ya jasho lake, jasho la waliomtangulia.

Nikazima sauti.

Nikaivua kofia, nikaiweka mezani, nikamnyang'anya maiki bila kumwomba.

"Jamani," nilisema. "Mmedanganywa, na sitaki mdanganywe kwa mdomo wangu. Mimi si Kipepeo. Kipepeo ni kofia hii. Imevaliwa na watu watatu, na wa tatu ni huyu anayenishikia spika. Mpeni heshima yake, maana alichoka kwa ajili yenu. Mimi ni Mizani, fundi wa redio, ubavuni mwa duka la magodoro. Aliyekuja kwa ajili ya kofia, hii hapa, aichukue arudi nayo ndani. Aliyekuja kwa ajili ya mkono huu, abaki. Sitapiga hata wimbo mmoja kwa jina lisilo langu."

Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye tangi, nikalisikia.

"Umejimaliza," alisema Bwana Mabango, na safari hii hakutabasamu.

"Nimejitaja," nilimjibu.

Kisha mwanamke wa mstari wa mbele, aliyekuwa akinirekodi kwa simu, akaishusha simu yake. Akaitazama kofia. Akanitazama mimi. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea ukumbini. Mwenzake akamfuata. Kisha watano. Kisha nikaacha kuhesabu, nikainamia mashine yangu, nikatafuta wimbo, huku nyuma ya mgongo wa Bwana Mabango viatu vikiburuzika kwenye changarawe, na sikuweza kujua ni vya wanaoondoka au vya wanaosogea.

Ee Mola, Wewe uliyewaona wote kwa wakati mmoja, wabariki waliobaki uani pale, wawe mia au wawe wawili. Wape utulivu wa miguu, uwaepushe na majuto ya kuchagua, na majina yao uyahifadhi Kwako, asipatikane mtu wa kuyavua wala wa kuyavaa. Amina.